Siku ya Dawa, Siku ya Kamera

Mtu mzima wa Kathonzweni akiona damu kwenye choo, safari yake ya kwanza huwa fupi: duka la dawa la pale sokoni. Anaeleza kwa sauti ya chini, asisikiwe na anayesubiri nyuma yake, na anatoka na vidonge vya ameba au dawa ya kupaka ya bawasiri. Damu ikikatika kwa wiki mbili, anajihesabu amepona. Ikirudi, atajaribu mizizi, au atapimwa taifodi, au ataambiwa ana vidonda vya tumbo. Miezi inapita hivyo, na katika miezi hiyo yote hakuna aliyeutazama utumbo wenyewe.

Ni kweli kwamba mara nyingi damu hiyo ni ya bawasiri tu. Lakini bawasiri na saratani ya utumbo mpana zinaweza kutoa damu inayofanana, na hakuna mwenye duka la dawa, wala daktari bingwa, awezaye kuzitenganisha kwa kusikiliza maelezo peke yake. Lazima utumbo utazamwe. Na kwa mtu wa sehemu hizi za Makueni, kutazamwa kunataka mipango ambayo vipeperushi vingi vya hospitali havina, kwa kuwa viliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye choo cha kuvuta maji karibu na kitanda chake na hospitali iliyo mwendo wa dakika kumi.

Wakenya wengi walilisikia jina la ugonjwa huu kwa mshtuko mwaka 2019. Februari ya mwaka huo, Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alitangaza hadharani kwamba ana saratani ya utumbo mpana, nayo imefika hatua ya nne, yaani imeshasambaa mwilini. Alikwenda kutibiwa Ufaransa, akarudi, na tarehe 26 Julai akafariki Nairobi akiwa na umri wa miaka 41. Mwezi huo huo nchi ilimpoteza Bob Collymore, mkuu wa kampuni ya simu ya Safaricom, aliyeugua saratani ya damu, na siku tatu baada ya Okoth akafariki gavana wa Bomet, Joyce Laboso, kwa saratani pia. Msiba juu ya msiba. Lakini kati ya saratani hizo, ile ya Okoth ni ya aina ambayo mara nyingi huweza kuonekana na kukatwa kabla haijawa saratani.

Duniani, watu wapatao milioni 1.9 waligunduliwa kuwa nayo mwaka 2022, na takriban 900,000 wakafariki. Nchini Kenya imo miongoni mwa saratani tano zinazoonekana zaidi, pamoja na za matiti, mlango wa kizazi, tezi dume na umio. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwemo marehemu Profesa Hassan Saidi, walipochunguza upasuaji wa ugonjwa huu nchini kati ya 1993 na 2005, waliona idadi ya wagonjwa ikipanda.

Zamani haikuonekana hivyo. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi kwa miaka mingi, hasa katika hospitali ya Mulago, Kampala. Ulimwengu unamkumbuka kwa saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958 na ambayo hadi leo ina jina lake. Lakini kuna jambo jingine lililomshughulisha: magonjwa ya utumbo mpana yaliyojaza wodi za Ulaya yalikuwa adimu sana kwa Waafrika. Aliandikia hospitali za misheni kote barani kuwauliza madaktari wanaona nini, na mwaka 1971 akachapisha hoja yake kwamba siri iko kwenye chakula kisichokobolewa, chenye nyuzinyuzi nyingi. Si kila alichodai kilithibitishwa, na katika siku zile wengi walikufa bila kuchunguzwa, kwa hiyo ugonjwa ungeweza kuwapo usihesabiwe. Hata hivyo, tafiti zilizofuata zimeunga mkono kiini cha hoja yake: wanaokula nafaka nzima na kunde kwa wingi hupata ugonjwa huu kwa kiasi kidogo zaidi.

Sahani ya Kikamba ingempendeza Burkitt. Isyo (mahindi na maharagwe), nzuu (mbaazi), nthooko (kunde), ndengu, mtama: hivi ni vyakula ambavyo utumbo unavihitaji, na vinaota papa hapa kwenye ardhi kavu. Linalosikitisha ni kuona vikianza kuitwa chakula cha wazee huku vijana wakishiba mkate mweupe, chipsi na smokie za kando ya barabara. Mwaka 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka nyama ya viwandani, soseji zikiwemo, katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani, na nyama nyekundu katika kundi la vinavyoshukiwa sana. Pombe, sigara na unene uliokithiri navyo huongeza hatari. Lakini mtu asijidanganye: kula isyo kila siku hupunguza hatari, hakuiondoi. Wapo waliokula vizuri maisha yao yote na wakaugua.

Thamani ya uchunguzi inatokana na jinsi ugonjwa wenyewe unavyoanza. Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo, ambacho madaktari hukiita polipu. Hakiumi. Vinyama vingi havigeuki kuwa saratani, lakini vile vinavyogeuka huchukua muda mrefu, mara nyingi miaka kumi hivi. Miaka hiyo ndiyo nafasi aliyonayo mtu. Mwaka 1969, madaktari William Wolff na Hiromi Shinya wa New York walianza kuvikata vinyama hivyo kwa kutumia mrija wenye uwezo wa kuona, bila kupasua tumbo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia kwa miaka mingi watu waliokatwa vinyama hivyo ulionyesha, katika matokeo ya mwaka 2012, kwamba vifo vya saratani hii miongoni mwao vilikuwa pungufu kwa takriban nusu ya vilivyotarajiwa.

Mwongozo wa kitaifa wa uchunguzi wa saratani uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2018 unamtaka mtu asiye na dalili yoyote aanze kuchunguzwa akifika miaka 45, na kuendelea hadi 75. Mwenye mzazi, ndugu au mtoto aliyepata ugonjwa huu huanza mapema zaidi, kwa kawaida akiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri aliokuwa nao ndugu huyo alipogunduliwa. Ikiwa kaka aligunduliwa akiwa na 44, mdogo wake asisubiri kupita 34.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kipimo cha choo, kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Kipimo cha kisasa hutambua damu ya binadamu tu, kwa hivyo nyama ya mbuzi iliyoliwa jana haiwezi kukichanganya. Mtu hupewa kichupa chenye kijiti. Anatandika gazeti au kuweka chombo kikavu ili choo kisidondoke shimoni wala kuchanganyika na mkojo, anachovya kijiti sehemu kadhaa, anakirudisha kichupani na kuandika tarehe. Mwanamke aliye kwenye hedhi husubiri imalize. Jambo moja linahitaji mkazo katika nchi ya joto kama Makueni: joto huiharibu damu iliyomo kwenye sampuli, na kipimo kinaweza kusema hakuna kitu ilhali kipo. Kichupa kisiachwe juani wala kwenye kioo cha mbele cha matatu. Sampuli ichukuliwe asubuhi, kichupa kiwekwe mahali pa kivuli, na kifikishwe kliniki siku hiyo hiyo ikiwezekana.

Kipimo hiki kisipoonyesha damu, hurudiwa kila mwaka. Kikionyesha damu, si lazima iwe saratani. Maana yake ni kwamba sasa lazima kamera iingie, yaani ule mrija wenye uwezo wa kuona, na kukirudia kipimo cha choo kwa matumaini kwamba kitabadilika ni kupoteza wakati. Naye anayeiona damu kwa macho yake, au ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa, au anayekonda bila sababu, au mwanamume aliyepungukiwa damu pasipo maelezo, huyo kipimo cha choo hakimhusu. Amwone daktari, na suala la kamera lizungumzwe moja kwa moja.

Kamera ndiyo njia ya pili. Isipokuta kitu, kwa mtu wa kawaida hairudiwi hadi baada ya miaka kumi. Wengi wanaiogopa kwa sababu ya kile wanachodhani kitafanyika hospitalini, ilhali kazi ngumu hufanyika nyumbani siku inayotangulia. Utumbo lazima uwe safi kabisa, maana mabaki kidogo ya choo yanaweza kufunika kinyama chenye ukubwa wa punje ya ndengu.

Maandalizi huanza wiki nzima kabla. Mtu hutaja kila dawa anayotumia. Vidonge vya madini ya chuma husimamishwa kwa sababu hukifanya choo kiwe cheusi na chenye kunata. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda haziachi kwa uamuzi wake mwenyewe. Daktari ndiye anayepanga. Mwenye kisukari apewe maelekezo yaliyoandikwa kuhusu insulini na vidonge vyake, kwa kuwa siku nzima hatakula, na sukari inaweza kushuka ghafla. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo aseme mapema, kwa sababu si kila dawa ya kuharisha inamfaa.

Siku mbili au tatu kabla, vyakula vile vile vilivyosifiwa hapo juu vinawekwa kando: isyo, nzuu, ndengu, sukuma wiki, maembe, mapera yenye mbegu. Badala yake ni wali mweupe, mkate mweupe, mayai, samaki au kuku. Siku ya mwisho hakuna kula. Ni vinywaji vinavyopitisha mwanga tu: maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa vizuri, maji ya glukosi, juisi ya tufaha isiyo na nyama ya tunda. Maziwa hayaruhusiwi, uji hauruhusiwi, na kinywaji chochote chekundu au cha zambarau hukatazwa kwa sababu rangi yake inaweza kudhaniwa damu.

Kisha inakuja dawa yenyewe. Kwa kawaida ni unga unaochanganywa na maji, kuanzia lita mbili hadi nne kulingana na aina, na kunywewa glasi moja kila baada ya dakika kumi au kumi na tano. Ladha yake ni ya chumvi na haipendezi. Ikiwa baridi hunyweka kwa urahisi zaidi, na wanaokamulia ndimu husaidika. Njia inayosafisha vizuri zaidi ni kuigawa: nusu jioni, nusu alfajiri, saa nne hadi sita kabla ya kipimo. Baada ya saa moja au zaidi tumbo linafunguka, na halifungi haraka. Mtu ataendesha mara nyingi, mwishowe yatoke maji ya manjano yasiyo na chembe. Hapo ndipo yuko tayari.

Sasa mtu afikirie hayo yote yakifanyika kwenye boma lililo nje ya mji wa Kathonzweni. Choo cha shimo kiko ng'ambo ya ua. Ni usiku. Mzee wa miaka 68 hajala tangu jana na kichwa kinazunguka. Mambo ya kupanga yanaonekana madogo lakini ndiyo yanayoamua: njia iwe imefagiliwa na kuwekwa taa, tishu laini na maji ya kujisafishia yawe karibu, mafuta ya kujipaka ili ngozi isichubuke, na mtu mwingine awe macho usiku kucha, maana kuanguka gizani ni hatari kubwa kuliko kipimo chenyewe. Maji ya dawa yachemshwe na kupozwa siku moja kabla. Mahali ambapo mitungi ya maji hununuliwa au kubebwa na punda kutoka mbali, lita za kunywa na za kujisafishia zitengwe mapema, zisianze kutafutwa saa tatu usiku.

Halafu kuna barabara. Mtu anaweza kuanzia kwenye kituo cha afya cha karibu, akaendelea hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyoko Wote, na kutoka huko akaelekezwa mbele zaidi, pengine Nairobi, ambako Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na hospitali ya mafunzo, rufaa na utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta hufanya kipimo hiki. Hakuna anayeweza kunywa nusu ya pili ya dawa alfajiri kisha akapanda matatu ya Wote kwenda Nairobi. Itabidi alale karibu na hospitali. Familia nyingi za Makueni zina mtoto au binamu Mlolongo, Kitengela au Nairobi kwenyewe, na huu ndio wakati wa kumpigia simu na kumwambia ukweli: mgonjwa atakuja kulala usiku mbili, na atahitaji choo kisicho na foleni. Hospitali inayompa mtu wa Kathonzweni miadi ya saa mbili asubuhi bila kumuuliza atalala wapi haijamaliza kazi yake, na mgonjwa ana haki ya kuomba saa ya mchana.

Asiyesafika vizuri hurudishwa. Nauli, njaa na usiku mzima wa kuharisha vinakuwa vimepotea bure. Kwa hiyo anayehisi kwamba dawa haijafanya kazi aseme anapofika, kabla hajalazwa kitandani.

Kipimo chenyewe ni kifupi. Mtu huvaa gauni la hospitali, huwekewa sindano mkononi na kifaa kidogo cha kupima oksijeni kidoleni, kisha hulala kwa ubavu wa kushoto, magoti yakiwa yamekunjwa. Dawa ya kutuliza hupitishwa kwenye mshipa. Wengine husinzia na kuamka kipimo kikiwa kimekwisha. Wengine hubaki wakisikia sauti kwa mbali. Daktari hutanguliza kidole kilichopakwa mafuta, kisha mrija unaokunjika, wenye unene wa kidole, taa na kamera vikiwa kwenye ncha yake. Utumbo mpana una urefu wa karibu mita moja na nusu, na mrija unaufuata hadi unapokutana na utumbo mwembamba. Hewa au gesi hupulizwa kuutanua, na hapo mtu anaweza kuhisi tumbo likijaa na kusokota. Muuguzi anaweza kulibonyeza tumbo au kumgeuza mgonjwa ili mrija upite kwenye kona.

Uchunguzi wa makini zaidi hufanyika mrija unaporudi. Daktari huutoa polepole, kwa dakika zisizopungua sita, akikagua kila mkunjo. Akiona kinyama, hukinasa kwa kitanzi cha waya na kukikata papo hapo. Mgonjwa hahisi maumivu, kwa sababu ukuta wa ndani wa utumbo hauhisi kukatwa. Yote kwa yote ni dakika ishirini hadi arubaini hivi, zaidi kidogo kama kuna vya kukatwa.

Aibu nayo isemwe. Wapo wanaume wanaoapa kwamba hakuna kitu kitakachopita njia hiyo wakiwa hai, na wapo kina mama wasioweza kumtajia binti yao wanachokwenda kufanyiwa. Katika chumba hicho mwili hufunikwa kwa shuka, sehemu inayofunuliwa ni ndogo, na wahudumu wanaofanya kazi hiyo wameizoea. Mgonjwa anaweza kuomba muuguzi wa jinsia yake awepo. Aombe bila woga.

Baadaye hupumzishwa kwa saa moja au mbili. Kutoa hewa kwa sauti kunatarajiwa na kunatakiwa, na wauguzi hukufurahia. Kwa saa 24 mtu asiendeshe gari, asipande bodaboda peke yake, wala asitie sahihi karatasi za shamba au mkopo, maana dawa ya kutuliza huacha akili nzito hata pale mwenyewe anapojiona yuko sawa. Lazima awe na wa kumsindikiza. Chakula chepesi kwanza, kisha cha kawaida.

Hatari zipo, ingawa ni chache. Utumbo kutoboka hutokea kwa chini ya mtu mmoja kati ya elfu moja wanaochunguzwa, na kuvuja damu hutokea zaidi pale kinyama kikubwa kilipokatwa, mara nyingine siku kadhaa baadaye. Maumivu makali yasiyotulia, homa, tumbo gumu au damu nyingi ni sababu ya kurudi hospitalini saa hiyo hiyo, na aliyekwisha kufika Kathonzweni akimbizwe Wote, asisubiri kurudi Nairobi.

Kabla ya kuondoka hospitalini, mgonjwa adai ripoti iliyoandikwa. Ieleze kama mrija ulifika mwisho wa utumbo, utumbo ulisafika kiasi gani, vinyama vingapi vilikatwa na vya ukubwa gani, majibu ya maabara yatatoka lini, na arudi baada ya miaka mingapi. Aliyekatwa vinyama huitwa tena mapema kuliko miaka kumi, na bila karatasi hiyo daktari anayefuata ataanza upya.

Kuhusu fedha, kaunti ya Makueni ilijulikana nchini kwa mpango wake wa afya ulioanza mwaka 2016, ambapo familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Lakini mpango huo ulikuwa wa hospitali za kaunti, si wa hospitali za Nairobi. Tangu Oktoba 2024, bima ya taifa iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Mtu aulize hospitalini, kabla ya kukubali tarehe, bima italipa nini na yeye atalipa nini, na atenganishe mambo matatu: kamera, dawa ya kutuliza, na uchunguzi wa vinyama kwenye maabara. Hili la tatu husahaulika, na bila hilo kazi yote haina jibu.

Mwenye miaka 45 na zaidi asiyehisi chochote aanze na lililo rahisi. Amuulize mhudumu wa afya wa jamii kijijini kwake, au kliniki iliyo karibu, kipimo cha choo kinapatikana wapi. Mwenye kuona damu asisubiri kufikisha umri wowote, wala asinunue dozi nyingine ya dawa ya ameba. Aende kwa daktari wiki hii, na aseme waziwazi kwamba anataka utumbo wake utazamwe.